Mti Unaokua Ndani ya Kompyuta: Tuuamini au Tuuhoji?

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika siku ya mafunzo. Tumeyachapisha karibu kama yalivyosemwa, kwa ombi la wanavikundi ambao hawakupata nafasi ya kufika.)

Nimeombwa nizungumze juu ya upandaji wa miti, na nitazungumza. Lakini leo sitaanza na mche wala jembe. Nitaanza na kompyuta. Naona wengine wanatabasamu. Ngojeni kidogo, mtaona kwa nini.

Miezi michache iliyopita, kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kilipata mgeni. Mgeni huyo alikuja na kompyuta ya kubebea, akaiweka mezani, akawaonyesha mche mmoja mdogo kwenye kioo. Mche ukaanza kukua. Ukatoa tawi, tawi likatoa kitawi, majani yakajaa. Kwa muda wa dakika moja hivi miaka kumi ikapita, na msitu mzima ukawa umesimama pale mezani. Chini yake kulikuwa na hesabu ya mbao na hesabu ya pesa. Kisha mgeni akasema, “Mkilipa leo, miche ni yenu.”

Kikundi kilikuwa na akiba ya mwaka mzima. Mweka hazina alinijia jioni akaniuliza, “Mwalimu, mti ule niliuona kwa macho yangu ukikua. Je, ni ukweli au ni sinema?”

Sikuwa na jibu siku ile. Nilimwambia wasitoe pesa kwanza, nami nitauliza. Mimi si mtaalamu wa kompyuta, lakini nimesoma na kuwauliza wanaojua. Leo nawaletea jibu, kwa sababu mgeni wa namna ile anaweza kubisha hodi kwa kikundi chochote hapa.

Mti hukua kwa kanuni chache

Kompyuta haina mbegu, haina udongo, haina mvua. Ina kitu kimoja tu: inafuata maagizo bila kuchoka. Basi inawezaje kukuza mti?

Inaweza kwa sababu mti wenyewe hukua kwa kanuni chache, nao huzirudia kanuni hizo mara nyingi sana. Mtaalamu mmoja wa elimu ya viumbe, Aristid Lindenmayer, mzaliwa wa Hungaria, ndiye aliyeliandika jambo hili kwa hesabu mwaka 1968. Hakuanza na mti mkubwa. Alianza na viumbe vidogo kama mwani, ule ukijani unaoota majini. Alitaka kueleza jinsi sehemu moja inavyozaa nyingine. Baadaye alishirikiana na mtaalamu wa kompyuta, Przemyslaw Prusinkiewicz, na mwaka 1990 wakatoa kitabu kilichojaa picha za mimea iliyokuzwa kwa kompyuta. Lindenmayer mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Hebu tuifanye kazi yake hapa hapa bila kompyuta. Nimekuja na sinia, maharagwe na mahindi. Haragwe ni chipukizi changa. Hindi ni chipukizi lililokomaa. Kanuni ni mbili tu:

Kanuni ya kwanza: msimu ukipita, kila haragwe hukomaa na kuwa hindi.

Kanuni ya pili: msimu ukipita, kila hindi hubaki hindi, na pembeni yake huzaa haragwe moja.

Siku ya kupanda, weka haragwe moja. Msimu wa 1 litakuwa hindi moja. Msimu wa 2 utakuwa na hindi na haragwe, jumla mbili. Msimu wa 3 zitakuwa punje 3. Msimu wa 4 zitakuwa 5. Endeleeni wenyewe: msimu wa 5 ni 8, wa 6 ni 13, wa 7 ni 21, na msimu wa 8 ni 34. Mmeona? Kanuni mbili tu, na sinia limejaa. Kompyuta hufanya hivyo hivyo, isipokuwa yenyewe haihesabu punje. Inachora kipande cha tawi kila mara, na inajua kila kipande kimekaa upande gani na kimeinama kiasi gani.

Sasa turudie mchezo, lakini tumwingize mbuzi. Rudini msimu wa 2. Pale kuna hindi moja na haragwe moja. Mbuzi amepita, amekula lile haragwe. Endeleeni kwa kanuni zile zile mpaka msimu wa 8, kisha mhesabu. Mtapata 21, si 34. Chipukizi moja tu lililoliwa mapema limepunguza machipukizi 13. Na kama mbuzi angekuja msimu wa 8 akala haragwe moja, mngepoteza moja tu.

Mti wa kweli una ujanja kuliko sinia. Ukikatwa hujibu, na jicho lililokuwa limelala huamka. Lakini somo linabaki: mahali unapokata na wakati unapokata vina uzito kuliko wingi wa unachokata. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mti nao ni hivyo.

Tuutazame mti wa kahawa

Wengi wenu mna kahawa. Basi mtafurahi kusikia kwamba mmoja wa watu waliotangulia kukuza mti wa kweli ndani ya kompyuta alianzia kwenye shamba la kahawa, hapa hapa Afrika.

Mtu huyo ni Mfaransa, Philippe de Reffye. Katika miaka ya 1970 alikuwa mtafiti wa kahawa nchini Kodivaa, kule Afrika Magharibi. Wakulima wa huko wanapanda kahawa aina ya robusta. Tatizo lilikuwa kwamba shina likibeba matunda mengi, linainama na mti unalala. De Reffye alitaka kujua ni mti gani utasimama na ni upi utalala, kabla haujalala. Mwaka 1976 alitoa maandishi juu ya jambo hilo, na mwaka 1979 akamaliza tasnifu yake juu ya umbo la miti, akitumia mti wa kahawa kama mfano.

Alifanyaje? Alihesabu. Mnaijua pingili ya muwa. Tawi la kahawa nalo lina pingili, yaani kile kipande kati ya fundo na fundo. Alihesabu pingili tawi kwa tawi, mti kwa mti. Akaona kwamba kila jicho kwenye ncha ya tawi lina njia tatu tu: linaendelea kukua, linapumzika, au linakufa. Kwa kuhesabu miti mingi, alijua kati ya macho mia moja ni mangapi yanafuata kila njia. Hapo akaipa kompyuta hesabu hizo, nayo ikawa kama inarusha shilingi kwa kila jicho. Ndiyo maana miti miwili ya kompyuta haifanani kabisa, kama vile miti miwili ya shamba lako isivyofanana, ingawa yote ni kahawa.

Ninyi wenyewe mnazijua baadhi ya kanuni hizi kwa mikono, hata kama hamkuziandika. Nitawakumbusha mbili.

Ya kwanza: tawi la pembeni linalotoka kwenye shina la kahawa, likivunjika pale pale shinani, halitoki lingine kama lile mahali pale. Nafasi ile imekwisha. Kwa hivyo mtoto anayevuta tawi ili afikie matunda anaweza kulifunga dirisha ambalo halitafunguka tena kwenye shina lile.

Ya pili: ukikata kipande cha tawi la pembeni ukakiotesha, kitaota lakini kitaendelea kukua kwa kulala upande. Ukitaka mti uliosimama, chukua kipande cha chipukizi la wima. Tawi halisahau lilizaliwa kufanya kazi gani.

Hata aina za kahawa tulizonazo zinatufundisha. Tazameni SL28 na Ruiru 11. Kwa namna ya kutoa matawi ni ndugu. Lakini Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1985, ina pingili fupi. Jambo hilo moja, pingili fupi, limefanya mti wote uwe mfupi na uliobanana. Ndiyo sababu hekta moja huchukua miti 2,500 hivi ya Ruiru 11, wakati SL28 kwa nafasi yake ya kawaida ni 1,330 hivi. Ukibadilisha namba moja katika kanuni, umebadilisha shamba zima.

Unene wa tawi na njaa ya mwanga

Kuna kanuni nyingine mbili ambazo kompyuta inahitaji ili mti wake ufanane na mti wa kweli.

Moja ni ya unene. Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia aliyeishi miaka 500 na zaidi iliyopita, aliandika kwamba matawi yote ya mti yakiunganishwa pamoja yangekuwa na unene sawa na shina lililoyazaa. Mnaweza kupima kwa kamba. Tafuteni mahali shina linapogawanyika mara mbili. Zungusha kamba kwenye tawi moja, tuseme mzunguko ni sentimita 9. Tawi la pili ni sentimita 12. Sasa 9 mara 9 ni 81, na 12 mara 12 ni 144. Jumla ni 225, ambayo ni 15 mara 15. Basi shina chini ya mgawanyiko huo litakuwa karibu na sentimita 15. Si kila mti hutii sawasawa, lakini wengi hukaribia. Mwape watoto wa shule kazi hii, wataipenda.

Kanuni ya pili ni ya mwanga. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, nchini Kanada, akiwemo yule Prusinkiewicz, walitoa njia rahisi ya kuieleza. Fikirini mmemwaga nafaka uwanjani na kufungua vifaranga. Kila kifaranga hukimbilia punje iliyo karibu naye. Punje ikiliwa imekwisha, naye hutafuta nyingine. Mahali palipokwisha kuliwa hakuna anayerudi. Katika kompyuta yao, hewa imejaa nukta kama nafaka ile, na kila ncha ya tawi huelekea nukta zilizo karibu nayo. Nukta zikishakaribiwa huondolewa. Kwa kanuni hiyo, mti uliosimama peke yake hutanua matawi pande zote, na miti iliyobanana hunyoosha shingo juu na kuacha matawi ya chini. Si ndivyo tunavyoona wenyewe kwenye msitu na kwenye mpaka wa shamba?

Kuna mti wa macho na mti wa shamba

Sasa nirudi kwa swali la yule mama. Miti inayokua kwenye kompyuta iko ya aina mbili, na hapa ndipo watu wanapodanganyika.

Aina ya kwanza ni mti wa macho. Huu hutengenezwa kwa ajili ya filamu, michezo ya kompyuta na matangazo. Mtengenezaji anataka mtazamaji aseme, “Loo, mti wa kweli huo!” Akitaka uwe mkubwa kesho, anabadilisha namba. Haulishi mtu, na hakuna kosa katika hilo, maana kazi yake ni kupendeza.

Aina ya pili ni mti wa shamba. Huu umetokana na kuhesabu na kupima miti iliyo hai mahali fulani, kwenye udongo fulani, kwa mvua fulani. Pengine picha yake si nzuri. Pengine hauna hata picha, ni mistari na namba tu. Lakini unaweza kukuambia kitu juu ya maji, kivuli na mavuno.

Mfano uko karibu nasi. Shirika la utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, lina makao yake Nairobi tangu mwaka 1978, na tangu 2019 limeungana na shirika la CIFOR. Watafiti wake, wakiongozwa na Meine van Noordwijk kule Indonesia, walitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1990 programu inayoitwa WaNuLCAS. Programu hii hugawa shamba katika vipande vinne kuanzia kwenye mti kwenda mbali nao, na udongo katika tabaka nne kwenda chini. Kisha huuliza siku kwa siku: maji haya yamechukuliwa na nani, mti au mahindi? Mwanga huu umeangukia nani? Umbo la mti ndani yake hukadiriwa kwa kanuni ile ile ya matawi kugawanyika na unene kugawanyika. Hata mizizi hukadiriwa hivyo hivyo: ukipima unene wa mizizi pale inapotoka kwenye shina, unaweza kukisia ukubwa wa mizizi yote bila kuchimba shamba zima.

Kazi hii ya kupima ilileta mambo ambayo hakuna picha ya kupendeza ingeyaonyesha. Mwaka 1995 van Noordwijk na mwenzake walieleza kwamba, katika miti waliyoipima, shina lilipokatwa chini zaidi mti ulitoa mizizi mingi zaidi iliyo myembamba na ya juujuu. Fikirieni hilo. Mkulima anakata mti chini kabisa ili usiyasumbue mahindi yake, kumbe chini ya ardhi anauongezea mikono ya kunyang'anya chakula pale pale mahindi yanapolia.

Na huko Machakos, katika miaka ya 1990, watafiti walipima miti ya grevilea, ambayo wengine wetu tunaiita mukima, ikiwa pamoja na mahindi. Miti ilipokuwa midogo, mahindi hayakuumia sana. Ilipokua, mavuno ya mahindi yalishuka sana, maana pale mvua ni haba na wote wanakunywa kisima kimoja. Sisemi msipande grevilea. Mbao zake na kuni zake mnazijua. Nasema tu kwamba picha ya mti unaokua bila kuonyesha mahindi chini yake imesema nusu ya habari.

Maswali matatu ya kumwuliza mgeni

Basi nilirudi kwa kile kikundi, tukakaa chini ya mwembe, tukaandika maswali matatu. Nawapa na ninyi.

La kwanza: Miti hii ilihesabiwa wapi? Kama ilipimwa mahali penye mvua mara mbili ya yetu, basi mti ule ni wa huko, si wa hapa.

La pili: Katika miche mia moja, mingapi hufa? Mmekumbuka macho ya kahawa: mengine hukua, mengine hupumzika, mengine hufa. Picha ambayo ndani yake hakuna mche hata mmoja unaokufa ni mti wa macho.

La tatu: Chini ya mti kuna nini? Tuonyeshe mizizi, kivuli na mahindi yetu, si shina na mbao peke yake.

Mgeni aliporudi, mweka hazina alisimama akauliza kwa heshima. Mgeni akajibu swali la kwanza kwa kusema kwamba picha ilitengenezwa ng'ambo na hakujua miti ilipimwa wapi. Kwa swali la pili akasema kila mche utamea. Kwa swali la tatu akanyamaza. Akina mama hawakumfukuza. Walimpa chai, wakamweleza kwamba akiba yao wataiweka kwanza. Kwa sehemu ndogo tu ya pesa walinunua miche ishirini kwenye kitalu cha jirani, wakaipanda kwenye mpaka wa shamba la kikundi, na sasa wanaihesabu.

Ndiyo, wanaihesabu! Kila mwezi wanafunga uzi mwekundu kwenye tawi jipya na kuandika daftarini: matawi mangapi yameongezeka, mangapi yamekauka, mahindi yaliyo hatua moja kutoka kwa mti yana urefu gani, na yaliyo hatua tano yana urefu gani. De Reffye alianza kazi yake hivyo hivyo, kwa kuhesabu. Kompyuta ilikuja baadaye kurahisisha hesabu. Mtu mwenye daftari la misimu minne ya shamba lake hadanganyiki kwa urahisi na dakika moja ya picha.

Nimalizie kwa kujibu lile swali. Mama aliuliza kama ni ukweli au ni sinema. Jibu ni hili: kanuni zinazoukuza mti wa kompyuta ni za kweli, na zimetoka kwa watu walioinama shambani wakahesabu. Lakini namba zilizowekwa ndani yake huenda si zenu. Mti wa kompyuta ni mzuri kadiri ya daftari lililo nyuma yake. Ulizeni daftari liko wapi. Na kama halipo, anzeni la kwenu.

Kuuliza si ujinga.

Ya kujadili katika vikundi

1. Chezeni mchezo wa maharagwe na mahindi. Mbuzi akila hindi badala ya haragwe katika msimu wa 3, mtabaki na punje ngapi msimu wa 8? Je, ni hasara sawa kwa hindi lolote?

2. Pimeni kwa kamba miti mitatu iliyogawanyika. Je, kanuni ya Leonardo inakaribia kuwa kweli hapa kwetu?

3. Katika kikundi chenu, nani ataweka daftari la miti, na mtalisoma pamoja mara ngapi kwa mwaka?